Kijana akipigwa mbele yako: mambo ya kufanya, hatua kwa hatua

Kila tukimaliza somo la huduma ya kwanza kwenye kijiwe cha bodaboda au ofisi ya serikali ya mtaa, maswali huwa yale yale. Nikiamulia nikachomwa kisu je? Polisi wakinibeba mimi? Inakuwaje watu wote wale wamesimama wanatazama kijana anapigwa mpaka anazimia, na hakuna hata mmoja aliyepiga simu? Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja, uyasome ukiwa umetulia, kwa sababu siku yenyewe ikifika hutapata nafasi ya kusoma chochote.

Mwongozo huu ni wa ugomvi wa mtaani: vijana wawili wamekunjana stendi, kundi linamchangia mmoja nyuma ya shule, kijana kaitiwa mwizi sokoni na mawe yameanza kuokotwa. Hauhusu uvamizi wa kundi lenye mapanga, kama makundi ya Panya Road yaliyoitia hofu Dar es Salaam Januari 2015 na tena mwaka 2022. Hapo ingia ndani, funga mlango, piga simu, puliza filimbi majirani wajue. Usitoke.

Vitu vya kuwa navyo kabla

- Namba za simu. Polisi Tanzania ni 112. Kenya ni 999 au 112. Aliye hatarini akiwa mtoto, yaani chini ya miaka 18, kuna 116 katika nchi zote mbili. Ongeza namba ya mwenyekiti wa mtaa, ya mjumbe, na ya askari wa kata yako. Ukizihifadhi kwa kuanza na herufi A zitakaa juu kabisa kwenye orodha. Mikono ikitetemeka, kutafuta jina ni kazi ngumu.
- Kanga au kitambaa safi, na jozi mbili tatu za glovu. Duka lolote la dawa wanauza. Wa bodaboda, weka chini ya kiti.
- Ujue kituo cha afya kilicho karibu kinachopokea majeruhi usiku. Zahanati nyingi hufunga jioni, na kumkimbiza mtu anayevuja damu kwenye mlango wenye kufuli ni kupoteza dakika ambazo hana.
- Mapatano na wenzako. Kijiwe, duka, saluni, popote mnaposhinda: nani atapiga simu, nani atamfuata mzee, nani atasogeza watu. Hili ndilo watu hulipuuza, na ndilo linalofanya kazi kuliko yote.

Kwa nini watu husimama tu

Nitasema kidogo, kwa sababu hatua zote zinatoka hapa.

Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu walikaa chumbani wakijaza fomu, kisha moshi ukaanza kupenyezwa ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kwenda kutoa taarifa. Walioketi na watu wawili waliopangwa kutojali, ni asilimia 10 tu waliotoka. Wengine waliendelea kuandika huku wakipunga moshi usoni. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akamwona ametulia, akaamua basi si hatari.

Ndicho kinachotokea stendi. Kila aliyesimama anadhani mwingine ameshapiga simu. Kila mmoja anasoma uso wa jirani yake. Kwetu zinaongezeka hofu mbili: ya kusumbuliwa kama shahidi, na ya kuambiwa unamtetea mwizi.

Lakini usikimbilie kusema watu hawana utu. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliochambua picha za kamera za barabarani za ugomvi 219, katika miji ya Lancaster Uingereza, Amsterdam Uholanzi na Cape Town Afrika Kusini. Katika kila matukio kumi, tisa yalikuwa na angalau mtu mmoja aliyeingilia kusaidia. Na waliokuwepo walipokuwa wengi, ndivyo ilivyokuwa rahisi zaidi msaada kupatikana. Hao wote waliokuzunguka, basi, ni nguvu iliyolala. Anatakiwa wa kwanza, na kazi ya wa kwanza ni ndogo kuliko unavyodhani.

Hatua

1. Simama, tazama, pumua. Sekunde tano zinatosha. Wako wangapi? Mikononi kuna nini: kisu, chupa, nondo, jiwe? Wewe utatokea wapi mambo yakigeuka? Ukiona silaha, hatua ya 7, ile ya kushika kwa mikono, ifute kichwani mwako. Zilizobaki zote bado unaziweza.

2. Piga simu wewe mwenyewe. Usiulize kama kuna aliyepiga. Polisi wakipata simu tatu za tukio moja hakuna aliyeumia. Wakikosa hata moja, kuna atakayeumia. Anza na mahali, kwa alama ambayo mgeni anaweza kuiona: "Niko Manzese, chini ya daraja la waenda kwa miguu, upande wa kituo cha mwendokasi. Vijana kama sita wanampiga mmoja. Mmoja ana chupa iliyovunjika. Aliyepigwa yuko chini, anavuja damu kichwani." Jina la mtaa peke yake halitoshi, na maneno kama "wanauana huku" hayamwambii askari aende wapi. Kisha mpigie mwenyekiti au mjumbe. Mara nyingi yeye atafika kwanza, kwa sababu anakaa nyumba ya nne kutoka hapo.

3. Gawa kazi kwa kumwonyesha mtu. Ukipaza sauti "jamani mtu asaidie!", kila mmoja atamsubiri huyo mtu. Mtazame mmoja machoni, mnyooshee mkono, mtaje kwa kitu alichovaa: "Wewe kaka mwenye jezi ya Yanga, mfuate mwenyekiti." "Dada wa kanga ya njano, sogeza hao watoto." "Dereva wa bajaji, geuza, kaa tayari." Aliyetajwa huwa anakwenda. Na akishakwenda mmoja, wa pili na wa tatu hujitokeza bila kutajwa. Ukiwa na woga wa kufanya lolote jingine katika mwongozo huu, fanya hili tu.

4. Mpe anayepigwa jina au ukoo. Watu humtazama kijana asiyejulikana akiumia. Wa kwao hawamtazami. Mwaka 2005, Mark Levine na wenzake katika Chuo Kikuu cha Lancaster walipanga kijana aanguke na kujishika mguu mbele ya mashabiki wa Manchester United. Akivaa jezi ya Manchester walimsaidia sana kuliko akivaa ya Liverpool. Lakini mashabiki wengine walipoandaliwa kwanza kujifikiria kama wapenda mpira kwa ujumla, walimsaidia na wa Liverpool pia. Jezi haikubadilika. Kilichobadilika ni nani wanamhesabu kuwa mwenzao.

Kwa hiyo sema kwa sauti: "Huyu si mtoto wa Mama Rehema wa pale kwenye genge?" Humjui? "Jamani huyu mdogo wetu, ana mama yake huyu." Utaona nyuso zinabadilika. Kuna waliokuwa wanashangilia watakaonyamaza, na ugomvi wa vijana ukikosa washangiliaji nusu ya moto wake unazimika.

5. Katisha bila kugusa. Piga honi mfululizo. Washa taa kali ya pikipiki. Mwaga ndoo ya maji miguuni mwao, yawe ya baridi, isije ikawa ya moto ya chai. Uliza swali lisilohusiana kabisa. Stendi moja hapa mjini, mama lishe alimaliza ugomvi wa makonda wawili kwa kumwita mmoja wao kwa sauti ya kudai: "Wewe! Sahani yangu ya jana iko wapi?" Kijana aligeuka kujibu, mikono ikalegea, wenzake wakapata nafasi ya kumvuta. Hakukuwa na sahani yoyote. Mama alijua tu kwamba mtu akijibu swali hawezi kurusha ngumi kwa wakati huo huo.

6. Mwachie mpigaji mlango wa kutokea. Hapa ndipo waamuliaji wengi huharibu. Kijana wa miaka 17 aliyezungukwa na rafiki zake hawezi kuacha kupigana kwa sababu wewe umemwambia ni mjinga. Akirudi nyuma ataitwa mwoga kesho na keshokutwa, na anaona hiyo ni mbaya kuliko kituo cha polisi. Usimtukane, usimtishie, usimwambie "piga basi tuone". Mpe sababu ya kuondoka ambayo ataweza kuisimulia bila aibu: "Umeshamwonyesha, inatosha, twende." "Mdogo wangu, polisi wameshapigiwa, ondoka usije ukaharibu maisha yako."

Bora zaidi, mtafute rafiki yake. Katika kila kundi yupo mmoja ambaye hafurahii kinachoendelea. Utamjua: amesimama nusu hatua nyuma, anaangalia huku na huku, hapigi. Mwendee huyo, ongea taratibu: "Mtoe mwenzako hapa, anakusikiliza wewe." Mkono wa rafiki begani unamtoa kijana mahali ambapo mkono wa mgeni ungezua vita ya pili.

Ukiongea nao simama ubavu, mikono wazi na chini ya kifua, sauti ya chini. Kama ni kaka kwako mwite kaka, kama ni mdogo mwite mdogo wangu. Heshima wakati huo si kumkubalia anachofanya.

7. Ukilazimika kushika, shikeni wengi. Hii ni kwa ugomvi usio na silaha tu, nanyi muwe watatu au zaidi. Usiingie katikati, ngumi ya wote wawili itakuangukia wewe. Wawili wamshike mpigaji kwa nyuma, mikono yote miwili, wamvute kurudi nyuma. Wa tatu asimame mbele ya aliyepigwa, amtazame yeye. Usimshike aliyepigwa peke yake: umemfungia mwenzake shabaha, na watu wameumizwa vibaya wakiwa wameshikwa na waamuliaji.

8. Mshughulikie majeruhi. Vaa glovu, kama huna, vaa mfuko wa nailoni mkononi.

Damu inatoka: weka kitambaa juu ya jeraha, bana kwa nguvu kwa kiganja, usifunue kila dakika kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kisu au kipande cha chupa kikiwa bado kimekita ndani, kiache hapo hapo, bana pembeni mwake. Usiweke udongo, majani ya chai, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Utumbo ukitoka nje usiurudishe. Funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi.

Amezimia lakini anapumua: mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe. Ukihofia shingo, kwa mfano ametupwa kutoka juu, asogezwe na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na mwili vikienda sawa.

Amepigwa kichwani na anasema yuko sawa: usimwamini haraka. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, ni hospitali sasa hivi hata kama hana tone la damu. Asipewe maji wala soda.

Damu yake ikikuingia machoni, mdomoni au kwenye kidonda, osha kwa maji mengi na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kinga ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu.

9. Mtoe hapo. Usisubiri gari la wagonjwa kama hujui litatoka wapi. Bajaji ni bora kuliko bodaboda, kwa sababu aliyezimia akipakiwa mshikaki shingo inaning'inia na anaweza kuanguka. Tanzania mtaulizwa PF3, fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa. Kenya ni P3. Gawaneni: mmoja aende kituo cha polisi kuifuata, wengine waende na majeruhi moja kwa moja hospitali. Mkiulizwa mlangoni, semeni kwa upole lakini msitoke: "Fomu inakuja, mwenzetu yuko njiani nayo, tunaomba damu izuiwe kwanza." Kenya, Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema wazi kuwa hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

10. Usiku huo huo, zuia kisasi. Ngumi zikiisha saa kumi jioni, kundi la aliyepigwa linakaa kikao saa mbili usiku. Mwenyekiti wa mtaa, wazazi wa pande zote mbili, kiongozi wa kijiwe, sheikh au mchungaji anayeheshimiwa na vijana hao: waambieni kabla ya giza nani na nani, na ugomvi umetokana na nini. Mara nyingi ni simu, msichana, kamari au deni dogo la kubeti, jambo ambalo wazee wawili wanaweza kulimaliza mkekani.

Pakisikika "mwizi!"

Hili nalitenga kwa sababu hapa umati hautazami tu, unashiriki. Hatua ya 2 na ya 3 zifanyike kwa kasi mara mbili. Kisha uliza swali moja kwa sauti, ulirudie: "Kaiba nini? Mwenye mali yuko wapi?" Mara nyingi waliosimama hawajui, wameona watu wanakimbia nao wakakimbia. Mwenye mali akipatikana simama karibu naye, mwombe yeye aseme anataka kitu chake na polisi, basi. Sauti yake ina uzito kuliko yako.

Angalia pembezoni. Tairi na petroli haviji vyenyewe. Kuna kijana mmoja ametumwa kuvileta, na njiani yuko peke yake, mbali na kelele. Mzuie huyo. Unaweza kuongea naye kama mtu mmoja na mtu mmoja. Wauza petroli ya chupa, mkimwona mtu anakuja mbio bila gari wala pikipiki, mkatalieni.

Na waambieni wanaoshika mawe ukweli wa sheria. Tanzania, kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinawahesabu walioungana kwa nia moja kuwa wametenda kosa wote. Aliyerusha jiwe dogo anaweza kusimama kizimbani kwa mauaji pamoja na aliyewasha kiberiti.

Usisimame katikati ya duara peke yako ukimkumbatia mtuhumiwa. Nawaheshimu waliowahi kufanya hivyo, lakini siwezi kukushauri. Hoja ni kuupunguza umati kutoka nje kuingia ndani, mtu mmoja mmoja.

Makosa yanayojirudia

Kupiga video kabla ya kupiga simu. Simu ni moja na mikono ni miwili: 112 kwanza. Baada ya hapo video ina faida, ukichukulia mbali, ukionyesha nyuso, nguo na mahali. Mpe mpelelezi. Usiitume kwenye makundi ya WhatsApp; mama yake ataiona kabla hajaambiwa na mtu, na kundi lake litaitumia kutafuta wa kulipiza.

Kuamulia umelewa. Ukiwa umekunywa, kazi yako iishie kwenye simu.

Kugeuka hakimu. Umefika mwisho wa ugomvi, hujui ulivyoanza. Kazi yako ni kuzuia mtu asife. Nani alianza litajulikana baadaye.

Mambo yakikwama

*Simu ya 112 haipokelewi.* Rudia, huku mwingine akimpigia mwenyekiti na askari wa kata. Bodaboda mmoja aende kituoni moja kwa moja. Mjini hiyo mara nyingi ni dakika chache.

*Nimemnyooshea mtu mkono, amekataa.* Usibishane naye. Hamia kwa wa pili. Wanawake wa gengeni na wazee wa kahawa ni wa kuanza nao. Vijana wengi hawathubutu kuwatukana.

*Wamenigeukia mimi.* Rudi nyuma ukiwatazama, mikono wazi, sema "sina ugomvi na nyinyi", ingia dukani au kwenye watu. Endelea na simu ukiwa humo.

*Naogopa nikitoa taarifa watajua ni mimi.* Mwambie mjumbe au mwenyekiti apeleke yeye, au nenda kituo cha mbali kidogo, uombe kuongea na mkuu wa upelelezi faragha. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, itaje.

*Polisi wamefika, wananikamata mimi mwenye damu mikononi.* Usikimbie wala usivutane nao. Sema jina lako, sema wewe ndiye uliyepiga simu, onyesha muda wa simu kwenye orodha yako. Hii ndiyo sababu nyingine ya kupiga mwenyewe. Waliokuona ukisaidia, waje kituoni wasiishie kusema "yule kijana hana kosa" wakiwa barabarani, waandikishe maelezo.

*Aliyepigwa hataki hospitali, anataka kurudi kupigana.* Mkalisheni, mfungeni jeraha, mpeni mtu mmoja wa kukaa naye usiku huo. Kama alipigwa kichwani, anayekaa naye amwamshe mara kwa mara na kumuuliza jina lake na alipo. Akijibu ovyo, mpelekeni hospitali hata akigoma.

*Nimefanya yote na bado kijana amekufa, sasa silali.* Ongea na mtu: mwenzako uliyekuwa naye pale, kiongozi wa dini, au mshauri wa ustawi wa jamii hospitali ya wilaya. Kukosa usingizi na kurudiwa na picha za tukio siku za mwanzo ni kawaida kwa aliyeona kifo cha namna hiyo. Zikipita wiki nne na bado unashtuka na kuamka usiku, nenda hospitali uwaeleze hivyo hivyo ulivyo.